Mzee yuko makao ya wazee, mimi nimebaki na nyumba. Wenzangu mnaishije?

MamaMakorora, Leicester
Assalaam aleikum. Mume wangu ana dimensia, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Nimemuuguza mpaka mgongo ukakataa. Usiku alikuwa anafungua mlango anatoka na msuli, baridi ya Januari, eti meli imefika anawahi bandarini. Sasa yuko makao ya wazee, mabasi mawili kutoka kwangu. Wanamtunza, siwezi kusema uongo. Ndevu wananyoa, hata mashavu yamerudi.

Shida ni mimi. Bado namimina mchele wa watu wawili. Kitandani sijauvuka upande wangu. Mjane si mjane, eda sikai, na mume wa kumwambia bomba linavuja sina.

Kuondoka ndiko kunakoniua. Mimi huenda jioni nikitoka kazini. Nikivaa koti tu, anashika mkoba wangu: "Twende basi, tutachelewa." Nikimwambia wewe unabaki, analia. Nikisema naenda chooni, naona nimemdanganya. Na wifi yangu wa Tanga kapiga simu juzi: umemtupa kaka yangu kwa Wazungu. Anamjua kaka wa kwenye picha za harusi yule.

Niende kila siku au nipunguze? Na sikukuu ya Idi nimlete nyumbani?

MhudumuCoventry
Shikamoo mama. Hii ndiyo kazi yangu. Kwanza acha kwenda jioni. Wagonjwa wengi wa dimensia huingiwa na wasiwasi jua likielekea kuzama, ndipo wanapodai kwenda kwao. Nenda asubuhi siku zako za mapumziko, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki. Koti na mkoba waachie wahudumu mapokezi, asivione. Ondoka chakula cha mchana kikiletwa, akishashika kijiko. Mwambie "nakuja". Si uongo, unakuja kweli.

Akisema twende nyumbani usimbishie. Huenda hiyo nyumbani siyo Leicester, ni Tanga, kwa mama yake. Muulize meli gani imetia nanga.

Na chooni kwake kuna kopo? Tulikuwa na mzee Msomali kila akipelekwa chooni anapigana na wahudumu. Wameandika "mkorofi" kwenye faili, kumbe mtu anataka maji ya kutawadhia!

Idi mpelekee huko huko: kanzu, biriani kidogo, wajukuu wawili. Wote wakija pamoja atachanganyikiwa.

BabaWaMinnesota
Pole sana mama. Mke wangu alipata kiharusi. Mwili umelala upande mmoja lakini akili zake zote ziko, kwa hivyo ananigombeza kama kawaida, na hilo lanisaidia kuliko dawa. Barua zote za nyumbani, bili, mialiko ya harusi, nampelekea yeye aamue. Sikuweza kuvumilia akiwa mgeni wa mambo yake mwenyewe. Wako hawezi kuamua, lakini nadhani kucha zake waweza kumkata wewe, wasikate wao. Mimi nywele za mke wangu nasuka mwenyewe. Nasuka vibaya, wahudumu wanacheka, yeye pia.

Kuhusu kitanda: nilihamia upande wake. Jaribu.

Mpitanjia
Kwetu mzee halelewi na wageni. Tumeshakuwa Wazungu.

Karani_Mstaafu
Mama, la pesa usilifumbie macho. Huko England, maadamu wewe unaishi kwenye nyumba, halmashauri haiihesabu inapopima uwezo wa mumeo wa kulipia makao. Fedha zako binafsi pia hawazigusi. Kama ana pensheni ya kazini, nusu yake ikipitishwa kwako hawaihesabu. Omba karatasi ya hesabu yao uisome mwenyewe kabla ya kutia sahihi chochote.

MamaMakorora
Ahsanteni sana. Mpitanjia, chumba kipo na mlango una kufuli mbili. Karibu ulale naye wiki moja, chakula juu yangu.

Wifi nimempa namba ya makao azungumze na kaka yake mwenyewe. Nimemwambia apige saa kumi na moja jioni ya huku.

La kopo limenishtua. Walikuwa wananiambia "anasumbua chooni" nami naitikia tu. Jumamosi asubuhi naenda nalo. Ila ya kwangu yote ni ya bati, na pale hawataki vyombo vya bati. Ya plastiki yenye mdomo yanapatikana wapi?

MhudumuCoventry
Maduka ya Wahindi Belgrave Road. Nunua mawili, moja litapotea.