Nimepewa kazi Kigali: nihame na watoto, nitangulie peke yangu, au nibaki Kampala?

Mama Wawili, Kireka

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliowahi kuhama nchi wakiwa tayari na familia. Nyumbani nimeuliza sana, lakini kila ninayemuuliza ana lake analolitaka moyoni, na jibu lake linafuata huko.

Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 37. Nimefanya kazi Kampala kwa miaka 13, na saba ya mwisho nimekuwa katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Mwezi uliopita kampuni moja ya Kigali, ambayo tumekuwa tukifanya nayo biashara, iliniandikia barua ya kunitaka nikawe mkuu wa hesabu kuanzia Januari, kwa mkataba wa miaka miwili ambao miezi mitatu yake ya kwanza ni ya majaribio. Natakiwa kujibu kabla mwezi huu haujaisha. Barua yenyewe nimeiweka kabatini, chini ya vitambaa vya meza, na kila usiku watoto wakishalala naitoa na kuisoma upya, kana kwamba kuna mstari nilioruka.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari ya serikali, na sote tunajua jinsi ilivyo vigumu kurudi kwenye ajira hiyo mtu akishaiacha. Mtoto wetu wa kwanza yuko darasa la tano, na wa pili anamaliza chekechea. Tunaishi katika nyumba yetu wenyewe, ndogo, tuliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka sita. Mama yangu yuko Tororo, ana kisukari, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki kila baada ya miezi miwili.

Kwa sasa napata shilingi 2,800,000 kabla ya makato, na mkononi zinabaki 1,918,000. Kigali wananipa faranga 1,800,000. Nikihesabu kila faranga kwa takriban shilingi mbili na nusu, hizo ni 4,500,000. Dada yangu alipoisikia hesabu hiyo alipiga vigelegele.

Nilikwenda kule kwa siku nne mwezi wa Agosti, nikaupenda mji. Jioni moja nilitembea kwa miguu kutoka Remera hadi Kimironko, saa mbili usiku, mkoba ukiwa begani, na hakuna aliyenisumbua. Nikiwa njiani niliwaza kuhusu binti yangu, ambaye hapa simruhusu kwenda dukani jua likishazama. Tangu jioni ile sijatulia. Je, tuhame sote, nitangulie peke yangu, au niwajibu kwamba sitakwenda?

Msafiri wa Katuna

Dada, pole kwa mzigo huo wa mawazo. Nilifanya kazi Kigali kuanzia 2016 hadi 2023, huku familia yangu ikiishi Kabale, kwa hiyo nitakueleza niliyoyapitia mwenyewe.

Kwanza hesabu, maana wewe ni mhasibu na utaikagua. Umelinganisha mshahara wa Kigali kabla ya makato na ule wa Kampala ambao unaujua mpaka unapofika mkononi. Kule kodi ya mapato hufika asilimia 30 kwa kila faranga inayozidi 200,000 kwa mwezi, hivyo katika faranga 1,800,000 kodi peke yake itachukua kama 504,000. Mchango wa pensheni wa mfanyakazi ulipanda mwanzoni mwa 2025 kutoka asilimia 3 hadi 6, nao utachukua 108,000, na kuna makato mengine madogo madogo. Utabaki na faranga 1,180,000 hivi, yaani takriban shilingi 2,950,000. Sasa pale Kireka hulipi kodi ya nyumba, lakini Kigali utalipa. Tuseme umepata nyumba ya faranga 350,000: hizo ni shilingi 875,000. Ziada yako juu ya unachopata leo itakuwa kama 150,000 kwa mwezi, kabla hujanunua chakula wala tiketi ya basi ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo usijibu barua ile kwa ndiyo wala hapana. Ijibu kwa kuomba nyumba, au posho ya nyumba, na nauli ya kuja nyumbani, na uombe viandikwe ndani ya mkataba. Wakikubali, hesabu inabadilika kabisa.

Pili ni mpaka. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikipanda basi kila Ijumaa jioni na kula chakula cha usiku na wanangu. Tulizoea hata tukaanza kuiona Kigali kama mtaa mwingine wa Kabale. Kisha mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna, ambao upande wetu tunauita Katuna, ukafungwa, na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Sikuthubutu kwenda nyumbani kwa hofu ya kushindwa kurudi kazini, na nilipolazimika kwenda nilizungukia Tanzania, nikaingilia Rusumo na kutokea Mutukula, siku mbili barabarani kwa safari ambayo zamani ilikuwa ya saa chache. Baba mkwe wangu alizikwa mimi nikiwa nimeshika simu sikioni, nikisikiliza nyimbo za mazishi. Sasa mpaka uko wazi, na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, jambo lililoanza 2014. Hata hivyo ningekushauri upange maisha yako ukijua kwamba mlango ule unaweza kufungwa.

Tatu ni lugha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na ukiwa mtaa wa Nyamirambo utakisikia kila kona, lakini mkutano wa mtaa na umbea wa ofisini huendeshwa kwa Kinyarwanda. Sisi wa Kigezi, upande wa Kabale, tulikidaka haraka kwa sababu lugha yetu, Rukiga, iko karibu nacho. Wewe wa Tororo utaanza mwanzo kabisa, kwa hiyo tafuta mwalimu tangu wiki ya kwanza.

Mengine utayazoea. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, hutafungua duka wala kusafiri, kwa kuwa watu wako kwenye umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, na hata wageni hukaribishwa kushika jembe. Na usibebe kavera, yaani mfuko wa plastiki: ni marufuku kule tangu 2008. Mara ya kwanza nilipovuka nilimwona mama mmoja mpakani akihamisha karanga zake kutoka kwenye kavera kwenda kwenye kitenge, punje moja moja zikimdondoka, na abiria wote wa basi wakishuka kumsaidia kuziokota.

Mwalimu wa Mbale

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 21, na katika swali lako nimeona jambo moja ambalo linanifanya niandike bila kukawia, nalo ni darasa la mtoto wako wa kwanza.

Mwaka wetu wa shule huanza Februari na kuisha Desemba, ilhali wa Rwanda huanza Septemba na kuisha Julai. Tena sisi tuna madarasa saba ya msingi, wao wana sita, na mtihani wao wa taifa huja mwishoni mwa darasa la sita. Ukimhamisha Januari, wenzake wa darasa la sita watakuwa wamebakiza nusu mwaka tu kufika kwenye mtihani huo, na Kinyarwanda ni mojawapo ya masomo yanayotahiniwa. Ukimrudisha la tano, atakuwa anarudia masomo ambayo amekwisha kuyamaliza. Zipo shule za binafsi zenye mitaala ya kimataifa ambazo zingekuepusha na haya, lakini ada zake zitaimeza ile ziada uliyohesabiwa hapo juu, na zaidi ya ziada.

Fikiria pia safari ya kurudi. Hapa mtoto huingia kidato cha kwanza kwa matokeo ya darasa la saba. Aliyesomea nje hulazimika kupeleka matokeo yake UNEB, baraza letu la mitihani, ili yalinganishwe na yetu. Hilo linawezekana, ila nimewaona wazazi wakihangaika na bahasha mkononi huku wenzao wakinunua magodoro na masanduku ya bweni.

Sasa angalia kalenda ya mkataba wako. Unaanza Januari na kuisha Desemba ya mwaka wa pili. Mtoto wako akibaki hapa, atafanya mtihani wa darasa la saba Novemba ya mwaka huohuo wa pili. Mambo hayo mawili yanamalizika karibu siku moja, na mimi nisingeivunja nafasi hiyo kwa sababu yoyote ndogo. Huyu mdogo ni tofauti. Mtoto wa miaka mitano au sita hujifunza lugha akicheza uani, na ukitaka kwenda naye sioni kikwazo cha kimasomo.

Mzee wa Bombo

Binti yangu, nimesoma swali lako mara mbili, na nimesoma pia aliyoyasema huyu ndugu wa Kabale kuhusu mpaka.

Mimi nilikuwa fundi wa reli Nairobi wakati reli ilikuwa moja kwa nchi zetu tatu. Tuliishi katika nyumba za shirika, Waganda, Wakenya na Watanzania pamoja, na hakuna aliyejiita mgeni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila mmoja aliambiwa arudi kwao. Niliondoka na sanduku la vyombo vya kazi na cherehani ya mke wangu, na kitanda tulikiacha kwa jirani, ambaye alikwenda kutusindikiza hadi stesheni akilia. Hata hivyo sijuti kwamba nilikwenda. Ufundi nilioupata kule ndio uliosomesha watoto wangu wote. Nakusihi tu usiuze nyumba ya Kireka, wala usiipangishe kwa mkataba mrefu usioweza kuuvunja.

Kuhusu mama yako, hujasema amesema nini mwenyewe. Nenda Tororo ukae naye siku mbili, umwambie habari yote, na umsikilize. Wazee hatupendi kuamuliwa mambo tukiwa hai. Kisha, kabla hujaondoka, mumeo au ndugu yako ampeleke kliniki mara moja wewe ukiwa umekaa Kampala, usipige hata simu. Mtajua palipo na pengo: nani anajua jina la dawa, nani ana kadi yake, nani anamfahamu muuguzi. Mapengo hayo ni afadhali yaonekane Novemba kuliko Machi, ukiwa mbali.

Msafiri wa Katuna

Mzee, asante sana. Naongeza neno dogo kwa Dada kuhusu akiba ya uzeeni. Michango yako ya miaka 13 katika NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, haipotei kwa sababu ya kuondoka, na tangu marekebisho ya sheria ya 2022 mtu anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwanachama mwenye miaka 45, aliyechangia kwa miaka kumi, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Umri huo kwako si mbali. Mimi sikuchangia chochote kwa miaka saba yote niliyokuwa Kigali, na pengo hilo nalihisi hadi leo.

Mama Wawili, Kireka

Nimewasoma wote kwa makini, na jana Jumapili nilirudi kutoka Tororo. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama Kigali kuna kanisa letu, na kama mume wangu anajua kupika. Nilipomwambia kwamba anajua wali na maharage tu, alisema hayo yanatosha kwa miaka miwili. Alinionyesha daftari ambalo amekuwa akiandika vipimo vyake vya sukari tangu mwaka jana, kila siku mstari mmoja, kwa mwandiko uliosimama vizuri. Sikuwa nikijua kwamba daftari hilo lipo.

Hesabu ya ndugu wa Katuna nimeikagua na iko sawa, na naona aibu ya kitaaluma kwamba sikuifanya mwenyewe, kwa sababu niliyataka mamilioni yale manne na nusu yawe ya kweli. Leo asubuhi nimeiandikia kampuni nikiomba nyumba na nauli ya basi mara mbili kwa mwezi. Wakikubali, nitakwenda peke yangu Januari, na mtoto mkubwa atabaki na baba yake hadi amalize darasa la saba. Mdogo pia sitamchukua. Mwalimu, nimeuelewa ushauri wako, lakini hawa wawili wanalala kitanda kimoja na sina moyo wa kuwatenganisha. Wakikataa, nitabaki nilipo.

Kliniki ya mama ni tarehe 14, na mume wangu ameomba ruhusa shuleni ili ampeleke. Mimi nitakuwa Kireka, na simu nitamwachia jirani.