Naomba ushauri: tuendelee kukichangia chuo hiki cha wachungaji ng'ambo?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanisa letu huchangia chuo cha nje ya nchi kinachoandaa wachungaji. Tuliingia kwa moyo mmoja, tukisimama kwenye 2 Timotheo 2:2, Paulo anapomwagiza Timotheo awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine.

Sasa chuo kimeandika upya tamko lake la imani. La zamani lilisema wazi kwamba Kristo alifufuka kwa mwili. Jipya linataja "tumaini la ufufuo", basi. Tuliuliza kwa barua, tukajibiwa shukrani za mchango tu. Kwangu hili si dogo hata kidogo: katika 1 Wakorintho 15 Paulo anasema kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure.

Baadhi ya wazee wanataka tukate msaada mara moja. Kinachoniumiza ni wanafunzi walio katikati ya masomo, maana hawana kosa. Je, inawezekana kumlipia mwanafunzi ada yake hadi amalize, bila kuchangia mfuko wa chuo? Na ninyi mnaosaidia vyuo vya mbali, huwa mnaweka sharti gani la mafundisho kwenye makubaliano, na nani anakwenda kukagua? Naombeni mnisaidie, kikao cha wazee kimekaribia.