Ushauri: skripti yangu ya KLayout inarundika seli zote sehemu moja, nifanyeje?

kona_ya_poli: Wakuu habari zenu, naomba msaada wa haraka. Nimeandika plagini ya Python ndani ya KLayout, programu ya kuchora chipu, ukiklik mahali inaweka seli ya transista (kipande cha mchoro kilicho tayari) hapo hapo ili nisiwe nafungua menyu kila saa. Inafanya kazi vizuri tu, ila seli zote zimeenda kurundikana kwenye sifuri sifuri. Swali langu dogo: nawezaje kuzidisha nafasi za seli zote kwa 1000 kwa mpigo mmoja? Naomba kodi ya Python tu, maelezo sihitaji.

DRC_haiongopi: "Inafanya kazi vizuri" halafu "zimerundikana". Mkuu chagua moja 😂

MzeeTcl: Vijana mnahangaika bure. John Ousterhout alibuni Tcl, lugha ya skripti, pale Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu hii hii, kila programu ya kuchora chipu ilikuwa na kilugha chake cha amri na vyote vibovu. Mimi mpaka leo niko kwenye Magic, programu nyingine ya kuchora chipu, unaweka boksi unapotaka, unaandika getcell na jina la seli, kwisha habari. Hama huko ulipo.

bintigridi: Mzee hajauliza Magic. @kona, mausi kwenye plagini inakupa nukta (hiyo p) kwa mikroni, lakini seli inawekwa kwa yuniti za database na kwa kawaida yuniti moja ni 0.001 ya mikroni. Ukiandika pya.Point(p), mfano 25.48 inakuwa 25 tupu, yaani 0.025 ya mikroni, ndo maana zote ziko sifuri. Tumia p.to_itype(dbu), inageuza mikroni kuwa yuniti hizo. Sasa kwa nini unataka kuzidisha badala ya kufuta na kuweka upya? Umeshasevu?

kona_ya_poli: Asante dada, huo mstari nimesharekebisha. Tuendelee na kuzidisha.

bintigridi: Sijajibiwa. Umeshasevu?

kona_ya_poli: Ndiyo, juu ya GDS (faili la mchoro) ile ile, na Ctrl+Z haikubali. Na humo kuna seli nilizoweka kwa mkono kabla ya skripti, ila hizo nitazichuja zisizidishwe, sio ishu. Bosi nimeshamwambia jioni anapata kazi yake kwa hiyo kuanza upya hakupo.

DRC_haiongopi: Ctrl+Z itakubali vipi na hukufungua transaksheni, yaani fungu la mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma? view.transaction mwanzoni, view.commit mwishoni, mistari miwili tu. Na bakapu hamna. Halafu jioni bosi, lawama zinaenda kwa programu ya watu.

bintigridi: Kuzidisha hakukusaidii. 25.48 na 25.31 zote zilishakuwa 25, ukizidisha zinarudi 25.000 zote, tena zimelaliana. Unaweza kukosea mpaka nusu mikroni, na kwenye SKY130, teknolojia ya kutengeneza chipu, geti (sehemu ya kuwasha na kuzima transista) fupi kabisa ni mikroni 0.15.

kona_ya_poli: Nitazinyoosha baadaye kwa gridi ya 0.005.

DRC_haiongopi: Utanyoosha kitu ambacho hujui kilikuwa wapi. Haya.

mchokozi: Wakuu hii ni chai. Mtu anaklik transista kibao, haoni hata moja ikitokea pale alipoklik, na anaendelea tu kuklik? Hili ni swali la intavyuu kaletewa, anataka tumfanyie. Tupia skrinishoti.

MzeeTcl: Hata mimi nilishashtuka. Kijana gani siku hizi anasevu juu ya faili bila kopi.

DRC_haiongopi: Mzee wewe umeshtuka saa hizi, ulikuwa unatangaza Magic 😂

kona_ya_poli: Chai yenu wenyewe. Nilikuwa naviona vizuri kabisa maana kila klik inachora kiboksi cha marker (alama ya kwenye skrini tu, sio seli) pale pale, na marker inapokea mikroni, kwa hiyo viboksi vilikaa sawa. Nikajua ndo seli zenyewe, nimezuumu ndani nani angejua.

mchokozi: Aah. Hapo sawa, nimekunywa maneno yangu. Nusu.

bintigridi: NGOJA. Hizo marker zisipotunzwa kwenye listi zinapotea zenyewe. Umezitunza vipi?

kona_ya_poli: Listi ya jozi, p na marker yake. Kwani?

bintigridi: Kwani hizo p ndo nafasi zako halisi na desimali zake zote! KLayout uliifunga?

kona_ya_poli: Bado iko wazi, ila nilitaka kuifunga niifungue upya maana imekuwa nzito.

bintigridi: USIFUNGE. Usiguse plagini wala usiirun upya. Fungua konsoli, andika ile listi kwenye faili la maandishi kwanza. Halafu futa zile za skripti, ziweke upya kwa to_itype, ndani ya transaksheni, na usevu kwa jina jingine.

DRC_haiongopi: Jina JINGINE.

kona_ya_poli: Zipo zote, na desimali zake. Dada ubarikiwe. Ila kusema ukweli naona hata kuzidisha kwa 1000 kungetosha.

bintigridi: Mods naomba mfunge uzi.