Mjadala: Mitoma kukataa mkataba akiwa na miaka 18 na kwenda chuo, kulimfaa au kulimchelewesha?

Winga wa Zamani (mleta mada)

Wadau, habari za jioni. Hii hoja inaibuka kila Brighton wanapocheza. Watu wanatupia mstari mmoja kisha wanakimbia. Leo tuikalie.

Kaoru Mitoma, winga wa Kijapani wa Brighton ya Uingereza, kazaliwa Mei 1997, kakulia Kawasaki, mji ulioshikana na Tokyo. Tangu shule ya msingi yumo kwenye timu za watoto za Kawasaki Frontale. Alipomaliza sekondari klabu ikamwekea mezani mkataba wa kikosi cha kwanza. Dogo akaukataa, akaenda Chuo Kikuu cha Tsukuba kusomea michezo, miaka minne kamili. Sababu aliyoitoa mwenyewe ni kwamba hakujiona tayari kuingia moja kwa moja kucheza na watu wazima. Karudi Frontale 2020 na shahada yake mkononi. Msimu wa kwanza tu wa kulipwa: mabao 13 ya ligi, pasi za mabao 12, ubingwa, na jina kwenye kikosi bora cha mwaka. Agosti 2021 Brighton wakamchukua, wakampeleka kwa mkopo Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji. 2022 ndio akaanza kuonekana Ligi Kuu ya Uingereza, ana miaka 25.

Sasa mweke pembeni yake Takefusa Kubo. Naye mtoto wa Kawasaki, naye kapita timu za watoto za Frontale. Ila 2011, akiwa na miaka 10, ameshaingia akademi ya Barcelona. 2015 akarudi Japani kwa sababu FIFA iliwabana Barcelona kwa kusajili watoto wa nje kinyume cha kanuni. Juni 2019, miaka 18, Real Madrid wanamsaini, na mwezi huo huo yuko Brazil na timu ya taifa kwenye Copa América, kombe la nchi za Amerika Kusini, Japani ikiwa mwalikwa. Mwezi uliofuata Mitoma, miaka 22, alikuwa mjini Napoli, Italia, kwenye michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu duniani. Japani walichukua dhahabu, na nani hapa aliitazama?

Baada ya hapo Kubo alikopeshwa Mallorca, Villarreal, Getafe, kisha Mallorca tena. Mechi rasmi kwa Madrid: hakuna hata moja. Ametulia Real Sociedad 2022, mwaka ule ule Mitoma alioanza Brighton. Mmoja kakimbia tangu utotoni, mwingine kakaa darasani, wamefika siku moja. Msimamo wangu: chuo kilimfaa. Karibuni.

Kocha Mtaani

Mkuu, umepanga vizuri ila umeruka namba moja. 2022 Kubo alikuwa na miaka 21, Mitoma 25. Hawakufika siku moja hao. Winga anaishi kwa miguu, na miguu ina tarehe. Mitoma kaingia Ligi Kuu akiwa na 25, msimu wa pili tu mgongo ukamweka nje kuanzia Februari 2024 mpaka ligi ikaisha. Kila jeraha analopata sasa linakula kwenye miaka ambayo tayari ilikuwa michache.

Halafu usitufananishie na Kubo peke yake. Kuna Ko Itakura. Beki, kazaliwa Januari 1997, akademi ile ile ya Frontale, alimtangulia Mitoma kupanda. Yeye mkataba aliukubali. Akasugua benchi kweli kweli, 2018 akapelekwa kwa mkopo Vegalta Sendai, akacheza, na Januari 2019 Manchester City wakamnunua na kumtuma Groningen. Wakati Itakura anazoea baridi ya Uholanzi, Mitoma alikuwa anasubiri ratiba ya mitihani. Ni watoto wa nyumba moja hao, kwa hiyo usiniambie mazingira yalikuwa tofauti.

Mwalimu wa Zamu

Kaka Kocha, unaongea kama vile chuo ni miaka minne ya kukaa kwenye dawati. Japani mpira wa vyuo ni mpira. 2017 Tsukuba waliingia Kombe la Mfalme wa Japani, ambalo timu za vyuo na za mitaani zinakutana na klabu za kulipwa. Wakawatoa YSCC Yokohama wa daraja la tatu, wakawatoa Vegalta Sendai wa daraja la kwanza, wakawatoa Avispa Fukuoka wa daraja la pili. Sendai walipigwa 3-2 na Mitoma akafunga mawili. Akiwa na miaka 20, mwanafunzi. Ndiyo, Sendai wale wale waliokuja kumpokea Itakura mwaka uliofuata!

Na chuo chenyewe si cha jana. Masami Ihara, nahodha wa Japani kwenye Kombe la Dunia la 1998, na straika Masashi Nakayama aliyefunga bao la kwanza kabisa la Japani kwenye Kombe la Dunia, wote wametoka Tsukuba.

Sasa niwape ninachokipenda zaidi. Utafiti wake wa kumalizia shahada ulikuwa juu ya chenga. Aliwafunga wachezaji wenzake kamera kichwani ili ajue macho yao yanaangalia wapi wanapopokea mpira na beki amesimama mbele. Alichokiona ni kwamba wale wazuri hawautazami sana mpira. Wamekwisha kuinua uso, wanamsoma mtu. Baada ya hapo nenda kaangalie lile bao dhidi ya Chelsea, Februari 14, 2025. Kipa Verbruggen anapiga mpira mrefu kutoka golini kwake. Unashuka kutokea nyuma ya bega la Mitoma, beki Chalobah anakimbia naye. Guu la kulia linaugusa kidogo tu, mpira unatulia mbele yake kama umeambiwa. Anaingia ndani, beki amepita na kasi yake mwenyewe, anafunga chini. Mimi nafundisha, na ni nadra mno kuona kazi ya darasani inatoka hadharani namna hiyo.

Kocha Mtaani

Dada mwalimu, bao ni zuri, sibishi. Lakini ile kamera kichwani ndiyo imemfundisha, au alikuwa nalo tayari akaenda kuliandikia? Mtoto anapiga chenga tangu yuko Saginuma, timu ya watoto ya mtaani kwao, yeye na Ao Tanaka. Hilo alilibeba kuingia nalo chuo.

Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum jamani. Mimi nipo Muscat, na huku Mitoma tunamjua kwa machungu.

Septemba 2021, kwenye kufuzu Kombe la Dunia la Qatar, Oman waliwafunga Wajapani 1-0 kwao, kule Suita, dakika za mwisho. Basi marudio hapa Muscat, Novemba 16, majirani zangu walishajiona wapo Qatar. Mapumziko 0-0. Kipindi cha pili anaingizwa kijana hatujawahi kumsikia, mechi yake ya kwanza kabisa timu ya wakubwa. Bwana, beki wetu wa kulia alipata tabu! Akimfuata anapitwa nje, akimwachia nafasi anakatwa ndani. Dakika ya 81 akapita kushoto, akaleta mpira mbele ya goli, Junya Ito akamalizia. 1-0, nyumba nzima kimya.

Ninachotaka kusema ni hiki. Yule kijana alikuwa na miaka 24, na ni miezi michache tu tangu atoke Japani. Kwa nini Brighton walimtuma Ubelgiji kwanza? Kwa sababu hakuwa na mechi hata moja ya timu ya taifa, na kibali cha kazi cha Uingereza kwa mchezaji wa nje kinahesabiwa kwa pointi, mechi za taifa zikiwa na uzito mkubwa. Mtu aliyekaa chuo mpaka 22 angezipata wapi? Kwa hiyo namuunga mkono Kocha nusu. Chuo kilimgharimu mwaka mwingine wa tano, ila mleta mada hakuuhesabu.

Winga wa Zamani (mleta mada)

Shekhe, hiyo ya kibali ni hoja nzito, naipokea. Ila mwaka wenyewe wa Ubelgiji haukuwa wa hasara. Oktoba 2021 Union walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Seraing, akaingia kipindi cha pili, akatupia matatu, wakashinda 4-2. Timu ile ilikuwa imetoka kupanda daraja na ikamaliza ya kwanza kabla ya mechi za mchujo wa ubingwa. Machi 2022 kule Sydney kaingia dakika ya 84 dhidi ya Australia, akafunga mawili, Japani ikafuzu Kombe la Dunia. Unadhani angeweza hayo akiwa na 19?

Na umemtaja Junya Ito. Watanzania wengi tunamkumbuka Genk, alipokuwa na Samatta wakabeba ubingwa wa Ubelgiji 2019. Huyo naye ni wa chuo, Kanagawa. Alipita Ventforet Kofu, akaenda Kashiwa Reysol, ndipo Ulaya. Kyogo Furuhashi aliyewatesa watu Scotland na Celtic, Chuo Kikuu cha Chuo (ndilo jina lake hasa, Chuo). Hidemasa Morita, Ryutsu Keizai. Reo Hatate, Juntendo. Nagatomo aliyechezea Inter alitokea Meiji. Hii ni njia kabisa, Mitoma hakuzuka tu peke yake.

Kocha Mtaani

Umetaja waliofika. Wale wa mwaka mmoja na Mitoma pale Tsukuba ambao hawakufika huwezi kunitajia, na mimi siwezi. Ndiyo shida ya hoja za namna hii.

Mwalimu wa Zamu

Hao ndio wanaonipa hoja mimi! Wale wana shahada. Aliyesaini akiwa na 18 akaachwa akiwa na 21 ana nini?

Karani wa Mikataba

Nimekuwa nasoma kimya. Mnabishana bila hela, ngoja niweke hela.

Kwa kanuni za ligi ya Japani za wakati ule, mchezaji mpya alisaini mkataba wa daraja C, na mshahara wake ulikuwa na kikomo: yeni milioni 4.6 kwa mwaka, kama dola 40,000. Kikomo hicho kilimbana mpaka afikishe dakika 450 za ligi daraja la kwanza, au miaka mitatu ipite. Na mhitimu wa miaka 22 naye alianzia C hiyo hiyo. Kwa hiyo alichokikataa Mitoma akiwa na 18 hakikuwa utajiri. Chukulia angebaki benchi miaka minne kwa mshahara huo huo: milioni 18.4. Upande wa pili, Tsukuba ni chuo cha taifa, na ada ya kawaida ya vyuo vya taifa ni yeni 535,800 kwa mwaka, pamoja na 282,000 za kuingilia. Miaka minne haifiki milioni 2.5. Weka chakula na kodi, bado ni hesabu ambayo familia ya kawaida inaweza kuibeba. Angekwenda chuo binafsi mambo yangekuwa mengine.

Lakini kuna kitu kikubwa kuliko ada na wote mmekipita. Frontale hawakununa. Mtu kawakatalia, na bado 2018, yuko katikati ya masomo, wanatangaza kwamba atajiunga nao 2020. Wakamsajili kwa utaratibu maalumu wa Wajapani unaomruhusu mwanafunzi kuchezea klabu ya kulipwa huku jina lake likibaki timu ya chuo. 2019 alishavaa jezi yao kwenye Kombe la Ligi. Kwa maneno mengine, Mitoma hakuchagua kati ya mlango uliofungwa na uliofunguliwa. Yote miwili ilikuwa wazi, na klabu ndiyo iliyoishikilia. Kijana wa nchi ambayo klabu ikikataliwa inakufuta kwenye kitabu asimchukue huyu kama mfano.

Mswahili wa Muscat

Hapo umenena bwana. Hii ndiyo ilitakiwa iwe mada yenyewe.

Kocha Mtaani

Karani, kama ni hivyo basi kuna njia ya tatu, ya Ayase Ueda. Alikataliwa kupandishwa kwenye timu ya vijana ya Kashima Antlers, akaenda sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Hosei. Copa América ya 2019 aliichezea Japani akiwa mwanafunzi bado, akakosa nafasi za wazi dhidi ya Chile, wakapigwa 4-0. Unajua alifanya nini baada ya hapo? Hakusubiri mwaka wa nne uishe. Aliiacha timu ya chuo katikati ya 2019, akasaini Kashima. 2022 yuko Cercle Brugge, 2023 Feyenoord. Chuo kilimtengeneza, na alipoiva akaondoka. Mitoma aliiva ile siku ya Sendai, 2017. Miaka miwili na nusu iliyobaki alikuwa anangoja nini?

Winga wa Zamani (mleta mada)

Alikuwa anajenga mwili na kumaliza utafiti wake. Kashinda mechi moja ya kombe, wewe ushamuivisha?

Kocha Mtaani

Wewe ndiye uliyesema chuo ni mpira kamili. Sasa ni mechi moja ya kombe?

Mwalimu wa Zamu

Samahani kaka, hayo maneno ya mpira wa vyuo ni yangu, usimpe mleta mada. Na Ueda ni straika wa kati, mwili wake ulishakomaa. Winga mwembamba ukimtupa mapema kwa mabeki wa kulipwa unamrudisha hospitali.

Karani wa Mikataba

Niwaongezee moja halafu nalala. Kuanzia 2026 ligi ya Japani imefuta yale madaraja ya A, B na C. Mchezaji wa daraja la kwanza sasa ana kima cha chini cha yeni milioni 4.8, na mkataba wa kwanza wa kulipwa unaweza kufika milioni 12 kwa mwaka. Yaani kijana wa miaka 18 anayekataa leo anaweza kuwa anakataa zaidi ya mara mbili ya kile alichokikataa Mitoma. Mitoma yule yule, nyumba ile ile, barua ya Frontale inasema milioni 12. Anasaini?

Kocha Mtaani

Anasaini kabla wino haujakauka.

Winga wa Zamani (mleta mada)

Hasaini. Aliyeona mwili wake haujawa tayari hataamka na misuli kwa sababu ya tarakimu kwenye karatasi. Ila baba yake atamkalisha kikao kirefu, hilo nakubali.