Naomba ushauri: nilifundisheje neno "run" ambalo maana zake haziishi na visawe vyake vinagongana?

MwalimuKidatoChaPili aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafundisha Kiingereza Kidato cha Pili katika shule ya kata mkoani Dodoma, na ninaomba ushauri kuhusu neno moja tu, nalo ni "run". Wanafunzi wangu walilipokea shule ya msingi kwa maana ya kukimbia, na maana hiyo wameishika kiasi kwamba sentensi "My father runs a shop" wanaifasiri kuwa "Baba yangu anakimbia duka". Niliwaandikia ubaoni orodha ya visawe, yaani "operate", "manage", "flow", "race" na vingine, lakini sasa wanachukua chochote kilichomo na kukipachika popote, hata nimekuta daftarini sentensi "The river manages to the sea". Je, nianze na maana au na visawe? Na ni maana ngapi zinazomtosha mtoto wa umri huu, ilhali kamusi ninayoitumia imelipa neno hili nafasi kubwa kuliko maneno yote yaliyo jirani nalo?

MpendaKamusi alijibu:

Mwalimu, kwanza usiwalaumu watoto. Katika toleo la pili la kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", ambalo kama kitenzi lilipewa maana zaidi ya 430. Wahariri walipolipitia upya neno "run" kwa ajili ya toleo la tatu, kitenzi hicho peke yake kilifikisha maana 645. Hakuna Mwingereza anayezijua zote kwa kuzikariri. Anazijua kwa sababu amelisikia neno likiandamana na maneno mengine tangu utotoni.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba uanze na maana, tena ndani ya sentensi. Peter Mark Roget, yule daktari aliyechapisha hazina yake ya visawe vya Kiingereza mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa kufuata dhana na si kwa alfabeti. Kisawe ni cha maana moja ya neno, si cha neno zima. "Manage" ni kisawe cha "run" pale tu panapotajwa duka, shule, kampuni au mradi; ukitaja mto, undugu wao umekwisha.

MfasiriWaPwani alijibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa kuongeza jambo ambalo limenisaidia sana katika kazi ya kufasiri. Tunalolikosea tangu darasa la kwanza ni kulifunga neno hili kwenye kitenzi "kimbia", wakati sehemu kubwa ya maana zake zimekaa karibu zaidi na "enda". Tazama: basi linakwenda kila siku kati ya miji miwili, barabara inakwenda mpaka Arusha, mashine inakwenda, mkataba unakwenda miaka miwili. Kote humo Mwingereza anaweza kusema "run", na hamna haraka yoyote ndani yake. Kuna mwendo unaoendelea bila kukatika.

Tena kuna sababu ya kihistoria inayofanya neno hili liwachanganye wanafunzi wetu hasa. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na vitenzi viwili vinavyohusiana, kimoja cha kwenda mbio na kingine cha kukifanya kitu kiende, na baada ya karne nyingi vikaungana kuwa umbo moja. Sisi tumebaki na mnyambuliko wetu: enda na endesha, kimbia na kimbiza. Ndiyo maana "The machine runs" ni "mashine inakwenda", na "She runs the machine" ni "anaiendesha mashine", ilhali umbo la Kiingereza ni lile lile. Wafundishe wanafunzi kuuliza kwanza kama kitenzi kina yambwa, yaani kile kinachotendwa. Kikiwa na yambwa kama duka, hoteli, mashine au semina, mara nyingi "endesha" itatosha, na hapo ndipo "operate" na "manage" zinaporuhusiwa kuingia. (Hata maradhi ya tumbo yamefuata njia hiyo katika lugha zote mbili: Mwingereza wa mtaani huyaita "the runs", nasi tunasema tumbo la kuendesha.)

Kwa vimiminika tumia "tiririka", na hapo kisawe chake ni "flow". Rangi ya kitambaa huchuja. Mwanasiasa hugombea, ingawa Waingereza hupendelea "stand" pale ambapo Wamarekani husema "run". Maana sita au saba za namna hii zinatosha kabisa kwa mwaka mzima.

MsahihishajiMitihani alijibu:

Ninaheshimu maelezo ya hapo juu, lakini sikubali kwamba visawe visubiri mpaka maana zote ziishe. Mwanafunzi atakutana na vifungu vya ufahamu ambamo ataulizwa neno lenye maana sawa na lililopigiwa mstari, na asiyezoea kutafuta kisawe atabaki anakodolea macho karatasi. Fundisha vyote kwa pamoja, ila usikubali kisawe kiandikwe peke yake daftarini. Mpe sentensi, abadilishe neno, kisha aisome upya kwa sauti na kueleza kama jambo lililosemwa bado ni lile lile. Sentensi ya mto aliyoitaja mwalimu ingejikataa yenyewe katika hatua hiyo.

MwalimuKidatoChaPili aliandika:

Ninawashukuru sana, na hilo la yambwa nitaanza nalo wiki ijayo. Nina swali moja lililobaki: "run into", "run over" na "run out of" niziweke chini ya neno hili hili, au nizitenge?

MfasiriWaPwani alijibu:

Zitenge, mwalimu wangu, na kila moja ihesabiwe kuwa neno jipya, kwa sababu kukutana na mtu kwa bahati, kumgonga mtu kwa gari na kuishiwa na kitu hakuna mwanafunzi anayeweza kuvikisia kutokana na "enda" wala "kimbia". Katika hiyo ya mwisho, angalia sana mtenda. "The sugar has run out" ni "sukari imekwisha", bali "We have run out of sugar" ni "tumeishiwa sukari". Andika sentensi hizo mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, kisha uwaachie wanafunzi wenyewe waseme ni nani anayezungumziwa katika kila moja kabla hujawapa tafsiri.