Mjadala: Ngano ni sumu kwa kila mtu, au tunatishana bure?

Mwana Ujiji: Wakuu, salaam. Hapa soko la Mwanga, Kigoma, kuna jamaa anauza unga wa mitishamba kwa spika. Hotuba yake ni moja tu: kinga ya mwili ya kila binadamu inaikataa ngano, acheni chapati na mandazi leo hii. Mke wangu kashasusa. Tumbo lilikuwa linamjaa gesi, sasa anasema ana nafuu. Mimi naona kadanganywa. Leteni hoja.

Bibi Katonga: Mwache mwenzio ale muhogo wake. Sisi tumekulia ugali wa muhogo na migebuka, chapati tuliziona Idi na Krismasi. Nani alikufa?

Muuguzi Kasulu: Shikamoo bibi. Muhogo hauna kesi. Kesi ni hilo neno "kila binadamu".

Ngano ina protini zinazoitwa gluteni, ndizo zinazofanya donge la chapati livutike. Sehemu yake moja, gliadini, vimeng'enya vyetu vya kusaga chakula haviimalizi kuikata, hubaki vipande virefu. Kwa walio wengi vipande hivyo vinapita zake. Kwa wachache vinapenya ukuta wa utumbo mwembamba, na huko kimeng'enya cha mwili wenyewe, transglutaminase, kinavibadilisha kidogo hadi vinakamata barabara kwenye molekuli za kinga za kurithi ziitwazo HLA-DQ2 au DQ8. Molekuli hizo zinavionyesha kwa seli T, yaani askari wa kinga, seli T zinaviona adui, vita inaanza. Vinyweleo vinavyofyonza chakula vinalika mpaka utumbo unabaki bapa. Mtoto anadumaa, mtu mzima anaishiwa damu. Huo ndio ugonjwa wa seliaki, na kwa makadirio ya dunia ni kama mtu 1 kati ya 100. Tena kuwa na jeni ya DQ2 si kuugua, wengi wanayo na mkate wanakula hadi uzeeni.

Mzio wa ngano ni jambo jingine. Huo unapitia kingamwili (protini za kinga za kupambana na adui) za aina ya IgE na hauchelewi: dakika chache au saa chache, mabaka, midomo kuvimba, pumzi kubana. Waoka mikate wengine hupata pumu kwa kuvuta vumbi la unga tu.

Fundi Chapati: Mimi chapati ndiyo ada za wanangu, lakini nyie watu wa hospitali mna tabia moja. Mtu anawaambia anaumwa, mnamjibu hana kitu. Shemeji nafuu kaiona mwenyewe.

Muuguzi Kasulu: Nafuu yake sibishi, nabisha sababu. Ngano ina fruktani pia, aina ya wanga inayochachuka utumboni na kutoa gesi, kinga ikiwa imelala kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichukua watu 37 walioamini gluteni inawadhuru. Walipopunguziwa vyakula vyenye wanga wa kuchachuka wote walipata nafuu, na gluteni iliporudishwa kwa siri iliwasumbua wachache sana. Kitunguu kina fruktani. Maharage nayo yana wanga wa kuchachuka, na sijasikia spika ikiyatukana. Niseme na upande wa pili: kuna protini nyingine za ngano, ATI, ambazo maabara imeonyesha zinaamsha kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo. Kwa hiyo hatujafunga faili.

Ila msiache ngano kabla ya kupima. Kipimo cha damu cha seliaki kinatafuta kingamwili dhidi ya transglutaminase. Ukikaa miezi bila ngano zinashuka, kipimo kinasoma safi na ugonjwa unao.

Fundi Chapati: Kupima wapi, mkuu? Mtu wa Kakonko au Uvinza apande gari kufuata vipimo vikubwa, wakati muhogo uko shambani kwake bure?

Muuguzi Kasulu: Hapo umenibana. Gesi peke yake simfungishi mtu safari. Lakini kuhara kusikoisha, kukonda, mtoto asiyekua, au upungufu wa damu ambao malaria na minyoo vimetibiwa na vidonge vya madini ya chuma havijausogeza, huyo nauli itafutwe. Mwana Ujiji, shemeji alikuwa anashushia chapati na nini?

Mwana Ujiji: Chai ya maziwa, vikombe viwili.

Bibi Katonga: Na maziwa kaacha?

Mwana Ujiji: Kaacha vyote siku moja. Wiki hii namrudishia chapati kwa chai ya rangi, tuone. Unga wa yule jamaa nimeuficha.

Bibi Katonga: Umefichua kwanza umewekwa nini ndani?