Mdogo wangu anasema "bila mimi mtapumzika". Nimuulizeje?

MamaHombolo
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nakaa na mdogo wangu, miaka 23. Mwaka jana alibakwa na mtu wa ukoo. Wazee wakakaa, mtu akatozwa ng'ombe, kikao kikafungwa. Yeye hakuna aliyemuuliza kitu. Tangu hapo kwaya kaacha, usiku halali. Juzi tunavuna zabibu akasema, "Dada, nimewachosha. Bila mimi mtapumzika." Jana kamgawia binti yangu vitenge vyake vyote. Nataka kumuuliza kama anafikiria kujiua, ila naogopa nisimtie wazo.

NesiMstaafu
Mwanangu, muulize leo, kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Wengi hushusha pumzi. Maneno yale na kugawa vitu ni dalili nzito. Akikubali, asibaki peke yake, na dawa za shamba zitoke nyumbani.

Na yaliyompata yanahusika: wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua. Aibu anabebeshwa yeye, mbakaji anaendelea kukaribishwa chai. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na vikao vya ng'ombe vinaniuma kuliko vyote. Wamelipana wao, yeye kabaki na maumivu yake.

Mpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Najua hapa Dodoma jina hilo watu wanatukania, lakini wapo wagonjwa wengi wanaoonana na mtaalamu na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Maombi sawa, yasichukue nafasi ya daktari. Akisema amepanga lini au vipi, nendeni hospitali yoyote ya karibu muda huohuo, au piga 112.

Binti_wa_Kongwa
Nilipitia hayo. Kilichonishika ni mama mdogo kuniambia "nakuamini", hakuuliza nilivaa nini. Anza na hilo. Na huyo ndugu asikanyage kwako. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, ila aende akiwa tayari mwenyewe.

MamaHombolo
Nimemuuliza. Kalia sana, kasema ndiyo, anafikiria, ila hajapanga. Dawa za zabibu ziko kwa jirani. Kesho tunakwenda Mirembe. Bima yake imeisha, watatupokea?

NesiMstaafu
Leo lala naye chumba kimoja. Kesho wahini mapokezi, na wakitaja hela ambayo hamna, msigeuze: ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii.